Kwa nini sarafu za fedha zilizokaa kabati moja hubadilika rangi kwa namna tofauti?

Mkazi wa Upanga anauliza:

Ndugu zangu wakusanyaji, nawasalimu nyote.

Ninaomba maelezo kuhusu jambo ambalo limenishughulisha tangu familia iliponikabidhi sarafu za marehemu babu yangu, ambaye alikuwa karani bandarini na alikuwa na mazoea ya kuweka kando kila sarafu ya zamani iliyopita mikononi mwake. Kuna rupia za Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki za 1890 na 1892, zile zenye sura ya Kaisari Wilhelm wa Pili akiwa amevaa kofia ya vita upande mmoja na simba na mtende upande wa pili; kuna rupia za serikali ya kikoloni za 1905 na 1910; kuna reale moja ya Maria Theresa; kuna shilingi za Afrika Mashariki za 1922 na 1924 zenye simba na milima; na kuna sarafu ya Tanzania ya shilingi 25 ya mwaka 1974 yenye twiga, ambayo ingali ndani ya kijisanduku chake.

Zote zilikaa katika kabati moja la mbao, katika chumba ambacho madirisha yake hupokea upepo wa bahari, lakini hakuna mbili zilizobadilika kwa namna moja. Rupia mbili zilizokuwa ndani ya bahasha za kaki zina buluu ukingoni, kisha zambarau, kisha rangi ya dhahabu kuelekea katikati, na kwa kweli zinapendeza machoni. Rupia ya 1910, iliyokuwa imefungwa pamoja na nyingine kwa mpira wa kufungia noti, ina mstari mweusi ulioikata sura ya Kaisari. Shilingi zimekuwa za kahawia. Reale ni ya kijivu tu, na weusi umejificha kwenye mikunjo ya nguo na nywele za malkia. Ile ya twiga imepata ukungu wa manjano upande mmoja peke yake.

Naomba kujua ni nini hasa kinachosababisha mabadiliko haya, kama yanaila sarafu au yanakaa juu yake tu, na kama inafaa kuzisafisha. Mjomba ananishauri nitumie ukwaju, jirani ananishauri dawa ya meno, na mtu mmoja aliyeonyesha nia ya kununua amenitaka nizing'arishe kwanza ndipo aje kuziangalia. Sijagusa hata moja mpaka nipate ushauri wenu.

Mwalimu wa Kemia, Mikocheni:

Ndugu wa Upanga, umefanya vema kueleza kila sarafu ilikaa ndani ya nini, kwa sababu maelezo hayo yanabeba sehemu kubwa ya jibu.

Tuanze na kisababishi. Mabadiliko haya hayafanani na kutu ya chuma, kwa kuwa fedha haiungani na oksijeni ya hewa katika joto la kawaida. Kinachoibadilisha ni salfa. Gesi ya hidrojeni salfidi, ile inayotoa harufu ya yai viza, inapoifikia fedha mahali penye oksijeni na unyevu, atomi za fedha zilizo juu kabisa huungana na salfa na kuwa salfidi ya fedha, ambayo ikiwa nene ni nyeusi. Haihitajiki gesi nyingi: kiasi ambacho pua haiwezi kukinusa kinatosha kabisa iwapo sarafu itakaa nacho kwa miaka. Unyevu nao una kazi yake, kwa sababu juu ya metali yoyote iliyo katika hewa yenye unyevu hukaa utando wa maji usioonekana, na ni ndani ya utando huo ambamo gesi huyeyuka na mmenyuko huenda haraka.

Sasa kuhusu rangi, ambazo ndizo zinazowashangaza watu wengi. Salfidi ya fedha haina buluu wala zambarau ndani yake. Rangi hizo hutokana na wembamba wa utando, ambao unene wake ni makumi ya nanomita, na ikumbukwe kwamba nanomita milioni moja ndizo hufanya milimita moja. Sehemu ya mwanga hurudi kutoka juu ya utando, na sehemu nyingine hupenya, hugonga fedha iliyo chini na kurudi ikiwa imechelewa kidogo. Miale hiyo miwili inapokutana, baadhi ya rangi hufutana na nyingine hubaki, kama inavyotokea mafuta ya gari yanapotandaa juu ya dimbwi la maji ya mvua. Kwa hiyo rangi unayoiona ni kipimo cha unene. Utando unapoanza huwa wa manjano hafifu, kisha wa dhahabu, kisha kahawia yenye wekundu, kisha zambarau, kisha buluu. Ukizidi kunenepa, buluu hupauka, manjano hurudi tena kwa mzunguko wa pili pamoja na waridi na kijani, na mwishowe rangi zote humezwa na weusi. Sasa ziangalie tena zile rupia mbili za bahasha: buluu ukingoni, zambarau, halafu dhahabu katikati. Huo ndio mpangilio wenyewe ukisomwa kinyumenyume, nao unatuambia kwamba salfa iliingilia ukingoni na kusogea taratibu kuelekea katikati.

Salfa hiyo ilitoka wapi? Kwa rupia hizo mbili, naishuku bahasha yenyewe kuliko hewa ya Upanga. Karatasi ya kaki hutengenezwa kwa kupika vipande vya mti pamoja na magadi makali na salfidi ya sodiamu, na mabaki ya salfa huweza kubaki ndani ya karatasi. Sarafu inapolala ndani ya bahasha, ukingo wake ndio unaobanwa na mikunjo na ndio unaofikiwa kwanza na mvuke. Mstari mweusi wa rupia ya 1910 hauna fumbo lolote: mpira huimarishwa kiwandani kwa kuchanganywa na salfa, na mahali ulipoigusa fedha, salfa ilihamia moja kwa moja. Pamba safi haina shida kubwa, lakini sufu ina salfa katika protini yake, na ndiyo sababu visanduku vilivyotandikwa kitambaa cha sufu huziharibu sarafu ambazo mwenyewe anaamini amezitunza kifahari.

Hewa ya jiji letu haina budi kutajwa pia. Unyevu wa Dar es Salaam mara nyingi hupita asilimia 70, na wakati wa masika hupanda zaidi. Tope la mikoko, kama lile la mdomo wa Msimbazi, hutoa hidrojeni salfidi kwa sababu bakteria wanaoishi pasipo na oksijeni hula salfeti ya maji ya bahari. Mashimo ya maji taka na mitaro iliyo wazi hufanya vivyo hivyo. Upepo wa bahari huleta chumvi, na kloridi iliyomo huunda kloridi ya fedha, ambayo haina uzuri wa upinde wa mvua: ni utando wa kijivu unaoelekea urujuani, na huwa mweusi zaidi ukipigwa na mwanga. Ukiona madoa ya kijivu yasiyo na mng'ao kwenye sarafu iliyokaa dirishani, fikiria chumvi kabla ya kufikiria salfa. Jasho la vidole nalo lina chumvi, na alama ya kidole huweza kujitokeza miezi mingi baada ya sarafu kushikwa.

Kuhusu swali lako la kuliwa: ndiyo, kila atomi ya fedha iliyo ndani ya utando imetoka katika sarafu yenyewe. Hata hivyo utando wa buluu au wa dhahabu umechukua fedha kidogo mno, na ukishatandaa vizuri hupunguza kasi ya mmenyuko kwa sababu salfa hulazimika kupenya kwanza. Weusi mnene unaobanduka magamba ni jambo jingine, na huo umeshakula michoro.

Sonara wa Kariakoo:

Mwalimu amelieleza vizuri suala la salfa. Mimi ningependa kuongeza suala la mchanganyiko wa metali, kwa sababu katika kazi yetu hilo ndilo tunaloliangalia kwanza.

Rupia za Kijerumani zina sehemu 917 za fedha katika kila 1,000, na uzito wake ni gramu 11.66, sawa na rupia ya Kihindi ambayo zililetwa zishindane nayo. Reale ya Maria Theresa ina sehemu 833. Shilingi ya Afrika Mashariki iliyoanza 1921 ina sehemu 250 tu, yaani robo yake ndiyo fedha, na sehemu kubwa ya metali iliyobaki ni shaba. Shaba hushambuliwa na oksijeni, na salfa, na jasho, na chumvi, kwa wepesi kuliko fedha, kwa hiyo rangi ya kahawia unayoiona kwenye shilingi za 1922 na 1924 ni ya shaba zaidi kuliko ya fedha. Jambo lingine ni kwamba sarafu zenye fedha kidogo mara nyingi zilichovywa katika asidi kabla ya kupigwa chapa, ili shaba ya juu iondoke na uso uonekane mweupe. Tabaka hilo jembamba likishasagwa na mikono ya watu, shaba iliyo chini huchungulia kwanza kwenye sehemu zilizoinuka.

Sasa kuhusu ukwaju. Sisi masonara tunautumia, na hatuuonei haya, lakini tunautumia kwenye kazi yetu wenyewe. Asidi ya ukwaju huyeyusha oksidi ya shaba, ila salfidi ya fedha haiigusi sana. Ukiipaka kwenye shilingi ya 1924, kahawia itaondoka na utabaki na mabaka ya waridi, na hayo mabaka hayatarudi kuwa ya fedha tena. Kuhusu dawa ya meno nawaomba vijana waache kabisa. Ndani yake mna unga wa chokaa au wa silika, na vyote viwili ni vigumu kuliko fedha, hivyo kila msuguo huacha mikwaruzo laini ambayo mnunuzi mwenye lenzi huiona mara moja.

Kuna njia ya karatasi ya aluminiamu, magadi ya kuokea na maji ya moto, ambayo watu huisifu kwa sababu haina kusugua. Ni kweli kwamba aluminiamu huichukua salfa na fedha hurudi kuwa fedha, na harufu ya yai viza inayotoka ni ushahidi wa hilo. Lakini fedha hiyo hairudi mahali pake kama ilivyopigwa chapa kiwandani. Hubaki juu kama unga usioshikana vizuri, wenye vinyweleo, na sarafu hutoka ikiwa na weupe uliopooza kama chaki ambao hushika weusi upya haraka kuliko mwanzo. Vimiminika vya kuchovya vinavyouzwa madukani, ambavyo ni asidi pamoja na thayourea, huyeyusha salfidi na kuondoka nayo pamoja na kiasi cha uso wa sarafu.

Hereni ya mteja nikiing'arisha nimemfanyia wema, kwa sababu yeye anataka mng'ao aende nao harusini. Sarafu thamani yake iko katika ule uso ulioachwa na chapa. Wakati chapa inapogonga, fedha husukumwa kuelekea ukingoni na kuacha mistari midogo mno ya mtiririko, na ndiyo inayofanya mwanga uzunguke juu ya sarafu mpya unapoigeuza chini ya taa. Mistari hiyo ikishasagwa, hakuna fundi wa Kariakoo wala wa Ulaya atakayeirudisha. Mtu aliyekutaka uzing'arishe kwanza, ama hajui sarafu, ama anajua vizuri na anataka bei ishuke kabla hajafika.

Mkazi wa Upanga:

Mwalimu, shikamoo, na ahsante sana. Fundi, nakushukuru, mjomba amesomewa jibu lako na amekubali ukwaju ubaki jikoni.

Nina maswali mawili yaliyobaki. Kwanza, nimeona mtandaoni rupia ya 1891 iliyochakaa sana, lakini ina waridi, kijani na buluu kali kwa pamoja, na bei yake imepandishwa mara kadhaa kwa sababu ya rangi hizo. Mtu atatambuaje kwamba rangi zimekuja zenyewe? Pili, rupia yangu ya 1905 ilikuwa ndani ya kifuko cha plastiki laini, na sasa ina utelezi wa kijani ambao haufanani na chochote mlichokieleza.

Mkusanyaji wa Sinza:

Nitajibu la kwanza, kwa kuwa nimekuwa nikifuatilia sarafu za enzi ya Wajerumani kwa muda mrefu na suala la rangi za kutengenezwa linaniumiza kila ninapoona mkusanyaji mpya amelipia upinde wa mvua uliopikwa jikoni.

Mapenzi ya sarafu zenye rangi yalikuzwa zaidi na wakusanyaji wa Marekani, na yana chimbuko linaloeleweka. Dola za Morgan, zilizopigwa kuanzia 1878 hadi 1904 na tena 1921, zina fedha asilimia 90 na shaba asilimia 10, na mamilioni yake hayakutumika madukani bali yalikaa miongo kadhaa katika hazina ya serikali na katika mabenki, ndani ya mifuko ya turubai ya dola 1,000 kila mmoja. Sarafu iliyoegemea kitambaa ilipata rangi upande huo mmoja, wakati mwingine hata alama za nyuzi zikabaki juu yake, na pale ilipofunikwa nusu na jirani yake ikabaki na umbo la mwezi mwandamo. Vivyo hivyo, sarafu zilizowekwa katika albamu za kadibodi zilipata duara za rangi kuanzia ukingoni. Mkazi wa Upanga, hizo rupia zako mbili za bahasha zimepita njia hiyohiyo, na ukibahatika kuwa bado zina mistari ya mtiririko aliyoieleza fundi, basi ni sarafu za kutunzwa kwa heshima kubwa.

Mtu anayetaka kuiga huharakisha. Huweka sarafu kwenye joto la jiko, au huifukiza kwa chumvi za salfa za potasiamu, au hutumia dawa ya kufulia yenye klorini, au iodini. Haraka hiyo huacha dalili. Mimi hutazama kwanza mpangilio wa rangi: mwalimu ametuambia kwamba dhahabu hutangulia zambarau na zambarau hutangulia buluu, kwa hiyo buluu iliyokaa peke yake juu ya fedha nyeupe bila kuzungukwa na hatua za kati inanipa wasiwasi. Pili natazama jinsi rangi inavyopita juu ya herufi na sura. Rangi iliyokuja polepole huathiriwa na kuinuka na kuzama kwa michoro. Karibu na herufi mara nyingi hubadilika ghafla au huacha mstari mwembamba mweupe, kwa sababu gesi haifiki kila kona kwa usawa na uso wa pale haukusukumwa kwa namna moja. Rangi iliyopuliziwa au kumiminwa hupita juu ya kila kitu bila kujali. Tatu ni ule mng'ao wa chini: utando wa kweli ni mwembamba na wenye kupitisha mwanga, kwa hiyo fedha inapaswa kuonekana ikiwaka chini ya rangi sarafu inapogeuzwa. Kama rangi inakaa juu kama rangi ya mlango, niache.

Na hapa ndipo rupia uliyoiona mtandaoni inapojihukumu. Sarafu iliyozunguka sokoni kwa miaka, ikapita mikononi mwa wapagazi na wafanyabiashara, imeshasuguliwa mfululizo. Weusi huondolewa sehemu zilizoinuka na kubaki kwenye mabonde, na matokeo yake ni kijivu chenye vivuli, kama reale yako ya Maria Theresa ilivyo. Huo kwangu ndio uso wa haki wa sarafu iliyotumika, na kwa ladha yangu ni mzuri kuliko rangi zote. Upinde mkali wa mvua juu ya sarafu iliyochakaa mara nyingi unaeleza kwamba sarafu ilisafishwa mpaka ikawa tupu, kisha ikapata rangi upya, kwa bahati au kwa makusudi. Kampuni za Marekani za kukadiria ubora, kama PCGS na NGC, huzikataa alama kamili sarafu ambazo rangi yake inatiliwa shaka. Kwa rupia iliyochakaa, nisingelipa hata shilingi moja ya ziada kwa ajili ya rangi.

Nakubali kwamba hata wataalamu hutofautiana juu ya sarafu moja moja, kwa sababu bahasha na albamu nazo ni salfa iliyowekwa na mkono wa mtu. Mpaka kati ya kuhifadhi na kupika uko katika kasi na katika nia, na nia haionekani kwa lenzi. Ndiyo maana historia ya sarafu, yaani ilikaa kwa nani na ndani ya nini, ina uzito sana, nawe historia hiyo unayo.

Mhifadhi mstaafu, Mbezi:

Nimefanya kazi ya kuhifadhi vitu vya kale vya metali, kwa hiyo nitashughulikia kifuko cha plastiki na namna ya kuzitunza kuanzia leo.

Utelezi wa kijani kwenye rupia ya 1905 unatokana na plastiki ya PVC. Plastiki hiyo kwa asili ni ngumu, na hulainishwa kwa kuchanganywa na mafuta maalumu. Katika joto letu mafuta hayo hutoka taratibu na kulala juu ya sarafu, na plastiki yenyewe ikizeeka hutoa asidi ya hidrokloriki, ambayo hushambulia shaba iliyomo katika sarafu na kufanya chumvi za kijani. Hili halipaswi kusubiri, maana tofauti na utando wa salfidi, lenyewe linaendelea kula. Hapa peke yake ndipo ninapokushauri uiguse sarafu. Tafuta asetoni safi ya maabara. Ile ya kuondolea rangi ya kucha haifai, kwa kuwa ina manukato na mafuta. Weka sarafu katika chombo cha kioo, imimine asetoni mpaka izame, funika, iache kwa saa chache, kisha uisuuze kwa asetoni nyingine mpya na uiache ikauke yenyewe bila kuipangusa. Fanya hivyo mahali penye hewa na mbali na jiko, kwa sababu asetoni hushika moto upesi mno. Asetoni haimenyuki na fedha wala haiondoi salfidi, hivyo rangi halali ya sarafu itabaki ilivyo.

Sarafu nyingine zote usizisafishe. Zibadilishie makazi tu. Zitoe katika bahasha, katika magazeti na katika kabati la mbao, kwa maana mbao nyingi hutoa mvuke wa asidi. Kila moja iweke katika kifuko cha poliesta au katika kopo dogo la akriliki gumu, ukiishika kwa ukingo na mikono ikiwa mikavu, kisha vyote viingie ndani ya chombo cha polipropilini chenye mfuniko unaobana, kama vile vya kuhifadhia chakula, pamoja na vijipaketi vya silika jeli. Silika jeli huchukua unyevu peke yake na haizuii salfa, na katika miezi ya masika hujaa haraka, kwa hiyo nunua ile inayobadilika rangi inapojaa, ili uikaushe kwa joto na kuirudisha. Kwa upande wa salfa, kuna vitambaa vilivyofumwa vikiwa na chembe za fedha ambavyo huinasa gesi kabla haijafika kwenye sarafu. Kipande kimoja ndani ya chombo kilichofungwa hufanya kazi kwa muda mrefu.

Ile ya twiga ya 1974, iliyotolewa katika mfululizo wa hifadhi ya wanyamapori pamoja na ya shilingi 50 yenye kifaru, itazame kijisanduku chake. Ukungu wa manjano upande mmoja peke yake unaonyesha kwamba upande huo ulilalia kitu: sponji, kitambaa au karatasi. Manjano, kama mwalimu alivyoeleza, ni hatua ya mwanzo kabisa, kwa hiyo umewahi. Usirudishe sarafu humo.

Kama una shaka na nyenzo yoyote, upo utaratibu ambao makumbusho mengi hutumia, uliobuniwa na Andrew Oddy katika Makumbusho ya Uingereza mwaka 1973. Kipande cha nyenzo inayotiliwa shaka hufungiwa ndani ya chupa ya kioo pamoja na maji kidogo na vipande vilivyosafishwa vya fedha, shaba na risasi, bila kugusana, kisha chupa hukaa katika joto la nyuzi 60 kwa siku 28. Fedha ikibadilika rangi, nyenzo inatoa salfa, na haistahili kukaa na sarafu. Nyumbani huwezi kushika joto kamili kiasi hicho, lakini hata kipande cha waya wa fedha kutoka kwa sonara, kilichong'arishwa na kufungiwa ndani ya chupa pamoja na kitambaa cha kisanduku na pamba yenye matone ya maji, kikiwekwa mahali penye joto kwa wiki kadhaa, kitakupa fununu nzuri. Weka na chupa ya pili yenye waya na pamba tu, bila kitambaa, ili uwe na cha kulinganishia.

Mkazi wa Upanga:

Mzee wangu, shikamoo na ahsante. Asetoni nitaitafuta wiki hii. Je, bahasha za kaki nizitupe? Juu ya baadhi yake kuna mwandiko wa babu, tarehe na jina la mtaa alikoipata sarafu.

Mhifadhi mstaafu, Mbezi:

Marahaba. Usizitupe hata kidogo, kwa sababu mwandiko huo ndio ile historia aliyoitaja ndugu wa Sinza. Kabla hujatoa sarafu, zipige picha zikiwa bado ndani ya bahasha zake, andika kwa penseli namba moja kwenye bahasha na namba hiyohiyo kwenye lebo ya kifuko kipya, kisha bahasha zote zikae katika sanduku lao la pekee, chumba kingine ikiwezekana. Lebo hiyo ibandikwe nje ya kifuko, kwa kuwa gundi nayo ina salfa mara nyingine.

Mkusanyaji wa Sinza:

Na utakapozipiga picha, tumia mwanga wa dirishani unaotoka pembeni na uigeuze sarafu kidogo kidogo, upige zaidi ya mara moja. Rangi za utando hubadilika kwa pembe ya mwanga, na picha moja iliyopigwa kwa taa ya simu itaionyesha rupia yenye buluu kama kipande cheusi. Picha za leo, zenye tarehe, ndizo zitakazokuonyesha baada ya masika mawili au matatu kama makazi mapya yameuzuia utando kukua.